Kwa Nini Mjerumani Alimimina Zege Flanders na Hakumimina Iringa

MASWALI YA WASOMAJI

Katika toleo lililopita tulieleza jinsi Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilivyokwama katika mahandaki ya Ulaya, na tangu hapo barua zimemiminika kuliko tulivyozoea. Nne kati yake zinahusu vijumba vya zege ambavyo Wajerumani walivijenga katika mistari yao. Nimeona ni vema kuzijibu pamoja, kwa sababu jibu la kila barua linaegemea lile lililotangulia.

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tano hapa Iringa mjini. Tumefundishwa kwamba askari wa vita ile waliishi katika mahandaki ya udongo, lakini nimeona picha ya kijumba cha zege kisicho na madirisha, kimezama nusu katika tope. Kama kinga ya makombora ni kuchimba, kwa nini Wajerumani hawakuendelea kuchimba badala ya kuhangaika na saruji?*

Marahaba, mwanangu. Umeuliza jambo ambalo hata watu wazima hulipita bila kulitazama, na jibu lake liko chini ya miguu ya askari wenyewe, yaani katika udongo waliosimama juu yake.

Baada ya mapigano ya mto Marne mwezi Septemba 1914, kila jeshi lilijaribu kulizunguka lingine kwa upande wa kaskazini, na majaribio hayo yaliendelea hadi nchi kavu ikawaishia wakafika baharini. Hapo ndipo pande zote mbili zilipojichimbia, na kufikia mwisho wa mwaka huo kulikuwa na mstari wa mahandaki wa kilomita 700 hivi, kuanzia mpaka wa Uswisi hadi Bahari ya Kaskazini. Mstari mrefu kiasi hicho hauwezi kupita katika udongo wa aina moja. Wewe mwenyewe ukisafiri kutoka Iringa kwenda Mbeya utaona udongo mwekundu wa Mafinga, na ukishateremka kando ya Usangu utakutana na udongo mweusi wa mbuga unaong'ang'ania kiatu wakati wa masika. Anayechimba choo Mafinga na anayechimba choo Usangu hawafanyi kazi moja, ingawa wote wameshika jembe na sururu.

Katika eneo la mto Somme, nchini Ufaransa, ardhi ni mwamba laini wa chokaa nyeupe. Mwamba huo unachimbika kwa sururu, kuta zake husimama bila kuporomoka ovyo, na maji yake yako mbali chini. Wajerumani, ambao walikuwa wamekaa hapo karibu miaka miwili bila kusogea, walichimba vyumba vilivyofikia kina cha mita 9 na zaidi, wakaweka ngazi, vitanda, na njia zaidi ya moja ya kutokea. Waingereza walivipiga vilima hivyo kwa siku saba mfululizo kwa makombora zaidi ya milioni 1.5, wakiamini kwamba hakuna kiumbe atakayebaki hai. Asubuhi ya tarehe 1 Julai 1916, mizinga iliposogeza mapigo yake nyuma, Wajerumani walipanda ngazi na bunduki zao za rashasha wakakuta adui anatembea wazi mbele yao. Siku hiyo moja Jeshi la Uingereza lilipata hasara ya watu 57,470, na 19,240 kati yao waliuawa. Pale Somme, basi, kuchimba kulitosha, na ndiyo maana dhana yako ni sahihi kwa nusu.

Nusu ya pili ni Flanders, upande wa magharibi wa Ubelgiji, karibu na mji wa Ypres. Huko nchi ni tambarare, na chini ya udongo wa juu kuna mfinyanzi mzito usiopitisha maji. Wakulima wa Flanders walikuwa wameikausha ardhi hiyo kwa mifereji iliyotunzwa kizazi baada ya kizazi, na makombora yakaivunja mifereji hiyo. Askari aliyechimba hadi usawa wa magoti alikuta maji, na aliyeendelea hadi kiunoni alikuwa amejichimbia kisima. Mjerumani hakuweza kushuka, kwa hiyo ilimbidi apande juu, na kitu kinachosimama juu ya ardhi mbele ya mizinga hakiwezi kuwa magunia ya mchanga peke yake. Hapo ndipo zege lilipoingia, kwa wingi hasa kuanzia mwaka 1916.

Kuhusu kukosa madirisha, ulichokiona si kosa la mpiga picha. Vingi vya vijumba hivyo havikuwa na tundu la kufyatulia risasi hata moja, kwa sababu vilijengwa kuwa maficho tu: askari walijibanza ndani wakati wa mapigo, kisha wakatoka kwa mlango wa nyuma na kuweka bunduki zao nje, pembeni au juu ya paa. Vingine vilikuwa na matundu membamba ya kupigania. Wajerumani waliviita kwa kifupisho cha Mebu, chenye maana ya maficho ya kikosi yaliyojengwa kwa zege lenye chuma, na Waingereza, kwa kuangalia umbo lake, walivipa jina la kikasha cha kuwekea vidonge vya dawa.

*Ndugu Mhariri, mimi ni fundi ujenzi, kazi zangu ni Mbalizi na Mbeya mjini. Zege ninalolijua linataka mbao za fomu zilizofungwa vizuri, nondo, maji safi, na siku za kumwagilia. Naomba kujua walimiminaje mbele ya adui anayewapiga, na ukuta wa unene gani unaweza kuzuia kombora. Je, nondo zilikuwepo wakati huo?*

Ndugu fundi, barua yako imenifurahisha sana, kwa kuwa maswali yako ni yaleyale waliyojiuliza wahandisi wa majeshi, na baadhi yao waliyajibu kwa gharama ya maisha ya watu.

Nianze na nondo. Zilikuwepo: Joseph Monier, mtunza bustani wa Kifaransa aliyekuwa akitengeneza vyungu vya mimea vya saruji vyenye wavu wa chuma ndani, alipata hataza yake mwaka 1867. Unajua kwa mikono yako kwamba zege likigandamizwa ni jabali, lakini likivutwa au kupindwa hupasuka, na kwamba kazi ya nondo ni kubeba mvuto huo. Hata hivyo, ngome nyingi kubwa zilizokuwepo vita vilipoanza zilikuwa zimejengwa kabla ya ujuzi huo kuenea. Mji wa Liège nchini Ubelgiji ulizungukwa na ngome 12 zilizojengwa kuanzia mwaka 1888, za zege tupu lisilo na nondo. Zaidi ya hayo, zege lilimiminwa mchana tu kwa kukosa taa za kutosha usiku, kwa hiyo kila asubuhi walimwaga zege bichi juu ya zege lililokwisha kukaza. Sina haja ya kukueleza wewe kinachotokea hapo, kwani fundi yeyote wa Mbalizi anajua kwamba zege la jana na la leo halishikani bila maandalizi, na ufa hupita palepale kwenye maungio. Tarehe 15 Agosti 1914, kombora la mzinga wa Kijerumani wa sentimita 42 lilipenya ngome ya Loncin na kufikia ghala la baruti, ngome ikalipuka, na askari wapatao 350 wakafa, wengi wao wakiwa wamezikwa humo humo chini ya mapande ya zege.

Kuna jambo la pili ambalo huenda hukulitegemea, nalo ni kwamba kombora linaweza kuua mtu aliye ndani bila kupenya ukuta. Nitakueleza kwa jambo lililotokea nyumbani kwangu. Fundi mmoja alikuwa anatoboa ukuta wa sebule kwa tindo na nyundo ili apitishe bomba la maji kwenda jikoni. Mimi nilisimama jikoni, upande wa pili, nikisubiri ncha ya tindo itokeze. Kabla haijatokeza, pande la ukuta lenye upana wa sahani ya wali lilifumuka lote kwa mara moja, likaruka na kuvunja bakuli lililokuwa mezani, hali upande wa fundi kulikuwa na tundu dogo linaloingia kidole gumba. Pigo hupita ndani ya ukuta kama wimbi la mgandamizo, likifika kwenye uso wa mwisho hugeuka kuwa mvuto, na zege, kama tulivyosema, haliwezi mvuto. Sasa weka kombora mahali pa nyundo, na weka askari kumi na watano waliobanana mahali pangu. Kwa ajili hiyo Wajerumani walipenda kumimina zege juu ya mabati ya mgongo yaliyopindwa kama pipa, na mabati hayo hawakuyatoa baada ya kazi, kwani yalitumika kwanza kama fomu na baadaye kama ngozi ya ndani inayozuia vipande kuruka.

Unene wa kawaida wa kuta na paa ulikuwa mita 1 hadi 1.5. Mizinga ya kawaida ya uwanjani haikuwa na la kufanya mbele ya unene huo, na hata makombora ya sentimita 15 yaliweza kustahimiliwa. Mizinga mikubwa zaidi ilihitaji zege nene zaidi, au mbinu ile iliyotumika katika ngome ya Douaumont karibu na mji wa Verdun, Ufaransa, ambako Wafaransa walifunika jengo la zamani la mawe kwa tabaka la mchanga, na juu ya mchanga wakaweka zege, ili nguvu ya kombora lililopasua zege ifie ndani ya mchanga kabla ya kufika chini. Mimi naihesabu mbinu hiyo kuwa miongoni mwa mawazo mazuri kabisa ya ujenzi wa kijeshi wa kipindi kile, maana ngome hiyo ilipigwa muda mrefu wa mwaka 1916 na sehemu kubwa yake bado imesimama hadi leo.

Na walimiminaje? Mbali na mstari wa mbele, walijenga kama unavyojenga wewe, wakiwa na mashine za kuchanganyia na reli nyembamba za kusukumia vitoroli. Karibu na adui walifanya kazi usiku, na mchana waliifunika sehemu kwa nyavu na majani ili ndege za upelelezi zisiione. Pale ambapo fomu na kumwagilia havikuwezekana kabisa, walileta matofali makubwa ya zege yaliyokwisha kukomaa nyuma ya mstari, yenye matundu ya kupitishia nondo. Askari waliyapanga, wakashusha nondo, kisha wakajaza matundu kwa saruji. Kazi ilikwenda haraka na bila kelele nyingi, lakini ukuta wa namna hiyo haukuwa na nguvu ya zege lililomiminwa kwa pamoja, na ukipigwa mara kwa mara ulianza kulegea kwenye maungio.

Kokoto nazo zilileta mgogoro wa kidiplomasia. Flanders haina mawe, hivyo mchanga na kokoto za mto Rhine zilisafirishwa kwa majahazi kupitia mifereji ya Uholanzi, nchi ambayo haikuwa upande wowote katika vita. Uingereza ililalamika kwamba kokoto hizo zilikuwa zinageuka kuwa ngome, wakati Ujerumani ilidai ni za kutengenezea barabara. Waingereza waliokota vipande vya zege katika vijumba walivyoviteka na kuvichunguza mawe yake ili kuthibitisha yalikotoka.

*Kwako mwandishi wa safu. Mimi ni mzee wa hapa Mafinga, nilipitia JKT ujanani, na mafunzo ya kuchimba mahandaki bado nayakumbuka. Nisaidie hili: kama vijumba hivyo vilikuwa vigumu kiasi hicho, Waingereza waliviteka vipi?*

Shikamoo mzee wangu. Kwa kuwa umewahi kushika sururu ya mahandaki, nitakujibu moja kwa moja: vilitekwa kwa nyuma, na vilitekwa na watu wachache.

Kijumba chenye zege la mita moja kinaona upande mmoja tu, au pande mbili, na kila tundu unaloongeza linapunguza nguvu ya ukuta. Mlango wake uko nyuma. Ukikiacha peke yake, askari wanaotambaa kutoka shimo moja la kombora hadi lingine watafika pembeni ambako hakioni, na bomu moja la mkono likiingia mlangoni, unene wa ukuta unageuka kuwa adhabu kwa walio ndani. Wajerumani walilijua hilo vizuri. Ndiyo maana Fritz von Lossberg, bingwa wao wa ulinzi aliyepelekwa Flanders Juni 1917, hakuvipanga katika mstari mmoja kama ukuta wa boma, bali vilitawanywa kwa kina cha kilomita kadhaa kama miraba ya ubao wa drafti, kila kimoja kikilinda ubavu wa kingine kwa risasi, na vikosi vya kushambulia vikisubiri nyuma ili kumrudisha adui akiwa amechoka.

Vita vya tatu vya Ypres vilianza tarehe 31 Julai 1917 baada ya mapigo ya makombora zaidi ya milioni 4. Mvua ikaja, ardhi ikawa uji, na mashambulizi ya Agosti yalikwama. Mwezi Septemba Jenerali Herbert Plumer wa Uingereza alibadili mwendo: akachagua kuteka kipande kifupi cha ardhi kwa kila shambulio, kisha kusimama, kujichimbia, na kuyasubiri mashambulizi ya kujibu chini ya kinga ya mizinga yake mwenyewe. Vikosi vidogo vilifundishwa kazi ya kijumba kimoja kimoja, ambapo bunduki ya rashasha nyepesi iliziba tundu kwa risasi, wengine wakarusha mabomu kwa bunduki, na watatu au wanne wakazunguka hadi mlangoni. Shambulio la tarehe 20 Septemba lilifaulu kwa njia hiyo, na lile la 4 Oktoba vilevile.

Lakini adui mwingine wa kijumba alikuwa ardhi ileile iliyosababisha kijengwe. Vingi havikuwa na msingi wa maana. Kombora kubwa lililoanguka karibu bila hata kukigusa lilichimbua udongo chini ya upande mmoja, nacho kikainama, na kikiinamia upande wa mlango walio ndani hawakuwa na pa kutokea. Huwa nasita kuandika habari za namna hii, kwa sababu zinasomeka haraka kuliko zilivyotokea.

Katika makaburi ya Tyne Cot, karibu na kijiji cha Passchendaele, wamezikwa askari karibu 12,000 wa Uingereza na makoloni yake, na zaidi ya 8,000 kati yao hawajulikani majina. Vijumba vya Kijerumani vilivyotekwa hapo na Waaustralia Oktoba 1917 havikubomolewa. Msalaba mkubwa wa kumbukumbu umejengwa juu ya kimojawapo, na sehemu ndogo ya zege la zamani imeachwa wazi ili mgeni aweze kuigusa.

*Kamwene Mwalimu mwenzangu. Ni mwalimu mstaafu, naishi Lupembe. Marehemu bibi yangu alikuwa akituonyesha mashimo marefu juu ya kilima na kusema ni ya wakati wa vita ya Mjerumani. Sasa vijana wa hapa wanataka kuyachimba, wakiamini kwamba chini yake kuna chumba cha zege kilichofichwa mali. Je, Wajerumani walijenga ngome za zege huku kwetu?*

Kamwene, mama. Nimeiweka barua yako mwisho kwa makusudi, kwa sababu bila kupitia Flanders nisingeweza kukujibu inavyostahili. Katika vita ya 1914 hadi 1918 mstari wa vijumba vya zege haukujengwa katika nyanda zetu za juu, na sababu zake zinaweza kupigiwa hesabu.

Chukua kijumba kidogo kabisa, chenye urefu wa mita 5 kwa nje, upana wa mita 4, na kimo cha mita 2.5, ambacho kuta zake na paa lake vina unene wa mita 1. Ndani utabaki na nafasi ya mita 3 kwa 2, na mtu mzima hawezi kusimama wima. Zege lake ni mita za ujazo 41. Ukitumia mifuko sita na nusu kwa kila mita ya ujazo, utahitaji mifuko kama 270 ya kilo 50, yaani zaidi ya tani 13 za saruji, bila kuhesabu nondo. Mwaka 1916 hapakuwa na kiwanda cha saruji Songwe wala reli ya TAZARA, ambayo ilikuja miaka ya 1970. Kulikuwa na mabega ya wapagazi. Mpagazi alibeba kilo 25 hivi, kwa hiyo saruji ya kijumba kimoja ingetaka wapagazi zaidi ya 500, ambao kila mmoja anakula njiani, na chakula chao kinataka wapagazi wengine. Na saruji yenyewe ingetoka wapi? Wanamaji wa Uingereza walikuwa wameifunga pwani yote tangu mwaka 1915, na meli chache zilizopenya zilileta risasi, dawa na mizinga.

Zaidi ya hayo, vita ya huku haikukaa mahali. Flanders majeshi yalitazamana kwa miaka minne katika umbali wa kutembea kwa miguu, ilhali hapa kwetu yalipita kama moto wa nyasi. Kikosi cha Waingereza chini ya Jenerali Edward Northey kilivuka mpaka kutoka upande wa Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, yaani Malawi na Zambia za leo, mwezi Mei 1916, kikaingia Neu Langenburg, ambayo ndiyo Tukuyu ya leo, kikapita Njombe, na tarehe 29 Agosti kikaingia Iringa. Mwezi Oktoba Jenerali Kurt Wahle wa Kijerumani, akirudi nyuma kutoka Tabora, akatokea na kuishambulia Iringa bila kuipata. Novemba Lupembe yenu ikazingirwa, na mwezi huohuo kikosi kimoja cha Wajerumani kikasalimu amri Ilembule. Mwaka 1918 Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda mkuu wa Wajerumani huku kwetu, akarudi kutoka Msumbiji, akapita Songea na Njombe, akamwacha Wahle mgonjwa nyuma yake, na tarehe 25 Novemba akaweka silaha chini Abercorn, mji unaoitwa Mbala siku hizi, ng'ambo ya mpaka wa Zambia. Kamanda ambaye hajui atalala wapi wiki ijayo hawezi kusubiri siku 28 zege likomae. Alichoweza ni kuwachimbisha watu handaki katika udongo mwekundu, kuweka magogo juu, kuzungushia miiba, na kuliacha asubuhi adui akikaribia ubavuni.

Wala wenyeji hawakusubiri kufundishwa kujikinga. Ngome ya Mtwa Mkwawa pale Kalenga ilikuwa na ukuta uliozunguka mji, nao Wajerumani chini ya Gavana Friedrich von Schele waliuvamia tarehe 30 Oktoba 1894. Miaka 22 baadaye Wajerumani haohao walikuwa wanachimba mashimo katika nchi ileile, wakijificha mizinga ya wengine. Jengo la boma la Iringa, ambalo leo ni makumbusho, lisiwachanganye vijana wako, kwani lilijengwa mwaka 1900 kuwa hospitali ya jeshi, katika miaka ambayo mkoloni alikuwa na muda na mafundi.

Kwa hiyo bibi yako anaweza kabisa kuwa alisema kweli, na vijana wakawa wamekosea. Njia ya kuyatambua mashimo hayo bila kuyagusa ipo. Simama juu yake asubuhi na mapema au jioni, wakati jua liko chini na kivuli ni kirefu, na utazame umbo. Shimo la zamani la mitego ya nguruwe au la kuchimba udongo wa matofali huwa la duara au mraba. Mfereji wa kukinga maji hufuata mteremko. Handaki la vita hukata kona kila baada ya mita chache, kama nyoka aliyejikunja, ili bomu likianguka ndani lisiwaue wote walio kwenye mstari, na ili adui akiingia upande mmoja asiweze kupiga risasi hadi mwisho wake. Tena udongo uliotolewa hurundikwa upande unaotazama adui, kwa hiyo ukiona tuta upande wa bonde au wa njia ya zamani, umeona walikotazama.

Vijana waambie wasichimbe. Ganda la kombora ambalo halikulipuka haliishi nguvu kwa sababu ya kutu, na mara nyingi kutu hulifanya liwe la hatari zaidi. Anayekuta chuma chenye umbo la chupa nene asikiguse, aweke alama, na atoe taarifa polisi au ofisi ya kijiji. Uchimbaji wa mabaki ya kale unahitaji pia kibali chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Wanachoweza kufanya bila ruhusa ya mtu ni kuchukua kamba na karatasi, kupima urefu wa kila kipande na kila kona, na kuandika majina ya wazee wanaokumbuka walichosimuliwa, hasa habari za wapagazi waliochukuliwa vijijini, kwa sababu hizo ndizo zinazopotea kwanza. Mchoro wao ukitufikia kabla ya toleo la mwezi ujao tutauchapa katika ukurasa huu, pamoja na jina la kilima.